Mlinganyo wa mstari mnyoofu: vitu viwili tu ndivyo unavyovitafuta

Muulize mwanafunzi wa kidato cha kwanza hapa Tanga mlinganyo wa mstari mnyoofu ni upi, atakujibu papo hapo: y = mx + c. Sasa mwambie atafute mlinganyo wa mstari unaopita kwenye nukta (−3, 4) na (5, −2). Kalamu inasimama. Fomula anayo, ila hajui pa kuanzia.

Mwongozo huu ni wake. Ni wa anayejiandaa kurudia mtihani wa kidato cha nne pia, na wa mzazi anayesimamia kazi za nyumbani jioni ilhali hesabu alishaagana nazo zamani. Ushauri wangu: usikariri fomula nne kwa aina nne za maswali. Kila swali la mstari mnyoofu, livae kanzu au livae suti, linakutaka upate mteremko na nukta moja ambayo mstari unapita. Ukishavipata, kilichobaki ni kutoa na kuzidisha.

Mteremko kwanza

Chukua guta linalobeba machungwa kutoka soko la Mgandini. Tuseme dereva anatoza shilingi 2,500 kwa kilomita 2, na shilingi 6,000 kwa kilomita 7. Bei nimezitunga, usiende nazo sokoni ukabishana na watu.

Swali: kila kilomita ni shilingi ngapi? Wengi hukimbilia kugawanya 2,500 kwa 2, wanapata 1,250. Haya, gawanya na 6,000 kwa 7: unapata kama 857. Majibu mawili kwa dereva mmoja! Tatizo ni kwamba bei ile ina sehemu isiyohusiana na mwendo kabisa, yaani kianzio anachotoza hata kabla gurudumu halijazunguka. Ukigawanya bei nzima kwa kilomita, unakichanganya kianzio na bei ya mwendo.

Njia salama ni kuangalia mabadiliko peke yake. Kutoka kilomita 2 hadi 7 zimeongezeka kilomita 5. Kutoka 2,500 hadi 6,000 zimeongezeka shilingi 3,500. Kianzio kimo katika bei zote mbili, kwa hiyo ukitoa kinajifuta chenyewe.

m = 3,500 ÷ 5 = 700

Kila kilomita ni shilingi 700. Huo ndio mteremko, ile gradienti ya darasani: y inabadilika kiasi gani kila x inapoongezeka kwa 1. Kwa nukta mbili zozote, (x₁, y₁) na (x₂, y₂):

m = (y₂ − y₁) ÷ (x₂ − x₁)

Mambo mawili yaangalie kwa jicho kali. Y ziko juu, x ziko chini. Ukizipindua umepata mteremko wa mstari mwingine kabisa. Pili, nukta uliyoanza nayo juu ndiyo uanze nayo chini. Kuanza na ya kwanza au ya pili si neno, mradi usiwe kigeugeu katikati ya hesabu.

Mstari unaopanda ukienda kulia una mteremko chanya. Unaoshuka una mteremko hasi. Kabla hujakokotoa, zichore nukta mbili kwa mkono tu pembeni ya karatasi, hata kwa kukadiria, uone mstari unapanda au unashuka. Mchoro huo wa sekunde chache utakuumbua mara moja ukikosea alama, na alama ya kutoa ndiyo inayokula maksi nyingi katika mada hii kuliko kitu kingine chochote.

Kutoka mteremko kwenda mlinganyo

Hapa ndipo penye kiini cha somo, twende taratibu. Mstari mnyoofu una sifa moja inayoutofautisha na mistari mingine yote: ukichukua nukta mbili zozote juu yake, za karibu au za mbali, mteremko ni uleule. Mlinganyo wote umetoka kwenye sifa hiyo.

Shika nukta moja unayoijua, (x₁, y₁). Halafu fikiria nukta nyingine yoyote ya mstari huo, ambayo hujui iko wapi. Iite (x, y). Mteremko kati yao lazima uwe m:

(y − y₁) ÷ (x − x₁) = m

Zidisha pande zote kwa (x − x₁):

y − y₁ = m(x − x₁)

Imeisha. Mlinganyo ndio huo. Ule wa y = mx + c ni huuhuu, ila umefunguliwa mabano na y ikaachwa peke yake. Mimi huupendelea huu wa mabano kwa sababu unakubali nukta yoyote uliyopewa, wakati ule mwingine unakulazimisha kwanza kutafuta c.

Turudi kwa guta. m = 700, nukta ni (2, 2,500):

y − 2,500 = 700(x − 2)
y − 2,500 = 700x − 1,400
y = 700x + 1,100

Kianzio, kumbe, ni shilingi 1,100. Hiyo ndiyo c: thamani ya y pale x inapokuwa sifuri, mahali mstari unapoukata mhimili wa y. Sasa hakiki kwa nukta ambayo hukuitumia katika hatua ya mwisho, yaani (7, 6,000): 700 × 7 = 4,900, jumlisha 1,100, ni 6,000. Sawa. Ukitaka bei ya kilomita 5, ni 3,500 na 1,100, jumla 4,600.

Uhakiki ule ufanye kila mara, na uufanye kwa nukta ya pili. Ukirudisha nukta ileile uliyoitumia kutafuta c, itakubali hata kama mteremko wako ni mbovu.

Nukta zenye alama za kutoa

Tuchukue sasa zile nukta za mwanzo, (−3, 4) na (5, −2). Ukizichora unaona mstari unashuka. Basi tunategemea jibu hasi.

m = (−2 − 4) ÷ (5 − (−3)) = −6 ÷ 8 = −3/4

Pale chini ndipo wengi wanapoumia: 5 kutoa −3 ni 8, si 2. Andika mabano kwa kila namba hasi, hata ukijiona umekomaa. Mabano hayapunguzi maksi.

Sasa nukta. Nachukua (−3, 4):

y − 4 = −3/4 (x − (−3))
y − 4 = −3/4 (x + 3)

Usianze kugawa sehemu ndani ya mabano. Zidisha pande zote kwa 4 kwanza, asili iondoke:

4y − 16 = −3(x + 3)
4y − 16 = −3x − 9
3x + 4y = 7

Uhakiki kwa (5, −2): 15 − 8 = 7. Imekubali. Swali likitaka umbo la y = mx + c, hamisha na ugawanye: y = −3/4 x + 7/4. Yote mawili ni mstari uleule. Soma swali linataka umbo lipi. Lisiposema, toa lolote lililo safi.

Swali likikuficha mteremko au nukta

Ukipewa mteremko na nukta, kazi ni nusu. Ingiza moja kwa moja. Ukipewa mteremko na c, hakuna kazi kabisa.

Ukiambiwa mstari unakata mhimili wa x kwenye 4 na mhimili wa y kwenye 6, umepewa nukta mbili bila kuambiwa hivyo: (4, 0) na (0, 6). Mteremko ni −6/4, yaani −3/2, na c umeshapewa, ni 6. Kwa hiyo y = −3/2 x + 6, au 3x + 2y = 12.

Ukipewa grafu, chagua nukta mbili ambapo mstari unapita barabara kwenye pembe za vyumba vya karatasi, na ziwe mbali. Nukta za karibu hukuza kosa dogo la macho. Kisha soma namba zilizoandikwa kwenye mihimili, usihesabu vyumba. Chumba kimoja kwenye mhimili wa x kinaweza kuwa kilomita 1 na kimoja kwenye mhimili wa y kikawa shilingi 500. Ukihesabu vyumba tu, umepotea.

Ukipewa jedwali, kwanza jiridhishe kwamba ni mstari kweli. Tenki la lita 1,000 linavutwa maji kwa pampu. Baada ya dakika 5 zimebaki lita 875, dakika 10 lita 750, dakika 15 lita 625, dakika 20 lita 500. Kila dakika 5 zinapungua 125. Tofauti haibadiliki, basi ni mstari. m = −125 ÷ 5 = −25, na kwa nukta (5, 875):

y − 875 = −25(x − 5)
y = −25x + 1,000

Ili kujua tenki litaisha lini, weka y = 0: x = 40, yaani dakika 40. Angalia lakini kwamba nimesema pampu. Ungefungua tu bomba la chini maji yajitokee, yangetoka kwa kasi mwanzoni na kuzidi kulegea jinsi kina kinavyopungua, na jedwali lisingekupa tofauti zinazolingana.

Mfano mzuri zaidi wa kisichokuwa mstari uko baharini. Ukienda kwenye mwalo wa Deep Sea, kutoka maji kupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika kama kumi na mbili. Mtu akipima kina wakati wa kupwa na wakati wa kujaa, akaunganisha nukta hizo mbili kwa rula, atapata mlinganyo wenye hesabu safi kabisa, na atadanganyika. Maji huanza kupanda polepole, hukimbia katikati, kisha hulegea tena yanapokaribia kujaa. Mvuvi analijua hilo bila grafu. Nukta mbili hukupa mstari siku zote. Ni nukta ya tatu na ya nne zinazokuambia kama mstari huo ulikuwepo.

Mistari iliyosimama na iliyolala

Nukta (3, 1) na (3, 7): ukitafuta mteremko unapata 6 ÷ 0, na kugawanya kwa sifuri hakuna. Usiandike sifuri. Mstari huu umesimama wima, kila nukta yake ina x ya 3, kwa hiyo mlinganyo wake ni x = 3, basi. Uliolala una mteremko sifuri na mlinganyo wake ni y = namba fulani. Wanafunzi huvichanganya hivi viwili kwa sababu mhimili wa x umelala, wakadhani x = 3 nao umelala. Jiulize tu: ni herufi ipi haibadiliki?

Sambamba na zinazokatana kwa pembe mraba

Mistari sambamba ina mteremko mmoja na c tofauti. Mfano tunao kila siku mdomoni: saa. Asubuhi saa 1 ya Kiswahili ni 7:00 kwenye ratiba ya meli au simu yako. Saa 4 ni 10:00. Saa 10 jioni ni 16:00. Nukta (1, 7) na (4, 10) zinatoa m = 3 ÷ 3 = 1, na mlinganyo

y = x + 6

unaofanya kazi mchana kutwa, mpaka saa 12 jioni ambayo ni 18:00. Giza likiingia unaharibika: saa 1 usiku ni 19:00, saa 5 usiku ni 23:00, na mlinganyo unakuwa y = x + 18. Ukivuka usiku wa manane, saa 7 usiku ni 1:00 na saa 11 alfajiri ni 5:00: y = x − 6. Mistari mitatu, yote mteremko wake 1, haikutani kamwe. Ichore kwenye karatasi moja. Utaelewa usambamba kuliko maelezo ya ukurasa mzima.

Swali la mtihani huja hivi: tafuta mlinganyo wa mstari unaopita (4, 1) na ulio sambamba na 2x − 3y = 6. Nukta umepewa. Mteremko umefichwa, nawe unauchimbua kwa kuiacha y peke yake:

3y = 2x − 6
y = 2/3 x − 2

Mteremko ni 2/3. Usisome 2 ya mbele ya x kwenye 2x − 3y = 6 ukadhani ndiyo mteremko; y haijawa peke yake pale. Endelea:

y − 1 = 2/3 (x − 4)
3y − 3 = 2x − 8
2x − 3y = 5

Umeona upande wa kushoto? Umerudi uleule, 2x − 3y. Ndiyo njia ya mkato: mstari sambamba na 2x − 3y = 6 utakuwa 2x − 3y = k, na k unaipata kwa kuingiza nukta: 8 − 3 = 5. Itumie kuhakiki; hatua za kawaida ziandike ili msahihishaji aone kazi.

Kwa mstari unaoukata mwingine kwa pembe mraba, mteremko hugeuzwa juu chini na kubadilishwa alama. Sababu yake inaonekana kwa karatasi. Mteremko wa 2/3 maana yake nenda 3 kulia, panda 2. Zungusha karatasi robo mzunguko kinyume cha saa: 3 za kulia zimekuwa 3 za juu, na 2 za juu zimekuwa 2 za kushoto. Panda 3, rudi 2, yaani −3/2. Ukizidisha miteremko hiyo miwili unapata −1 kila mara, isipokuwa mmoja ukiwa wima. Basi mstari unaopita (4, 1) na kuukata ule wa mwanzo kwa pembe mraba ni:

y − 1 = −3/2 (x − 4)
2y − 2 = −3x + 12
3x + 2y = 14

Namba za kweli

Wazo la kuandika umbo kwa mlinganyo si la jana. Mfaransa René Descartes alichapisha kazi yake kuhusu hilo mwaka 1637, na mwenzake Pierre de Fermat alilifikia kwa njia yake mwenyewe karibu na wakati huohuo. Vipimo vya joto vinaonyesha faida yake. Barafu huyeyuka nyuzi 0 za Celsius, ambazo ni 32 za Fahrenheit. Maji huchemka 100, ambazo ni 212. Nukta mbili, na usawa wa bahari kama wa kwetu Tanga unatufaa kwa hilo la kuchemka, maana milimani maji huchemka mapema.

m = (212 − 32) ÷ (100 − 0) = 180 ÷ 100 = 9/5

c umeshapewa, 32. Kwa hiyo y = 9/5 x + 32. Joto la nyuzi 30, la kawaida kabisa huku pwani, ni 54 + 32 = 86 za Fahrenheit. Ukitaka kujua ni wapi vipimo vyote viwili vinasoma namba moja, andika x mahali pa y na utafute; jibu ni −40.

Maswali ya kujipima

Funika majibu kwanza.

1. Mstari unaopita (−2, 7) na (4, −5).
2. Mteremko 1/3, unapita (6, −1).
3. Unapita (8, 3), unaukata y = 4x − 5 kwa pembe mraba.
4. Unapita (−4, 2) na (−4, −9).
5. Mstari unaopita (2, k) na (5, 10) una mteremko 3. Tafuta k, kisha mlinganyo.
6. Guta jingine linatoza 5,800 kwa kilomita 4 na 11,200 kwa kilomita 10. Kilomita 15 je?

Majibu: (1) y = −2x + 3. (2) x − 3y = 9. (3) y = −1/4 x + 5. (4) x = −4. (5) 10 − k = 9, hivyo k = 1; y = 3x − 5. (6) y = 900x + 2,200, hivyo shilingi 15,700. Ukikosa la 6 ukapata 21,750 au 16,800, umegawanya bei nzima kwa kilomita. Rudi kwenye mfano wa kwanza.